Mpini kwa Mkono Usiofumba

Litein, 8 Februari 2026

Kwa Mzee Joab Amolo,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Sijui kama utanikumbuka. Mimi ni Chepngeno, binti ya Kipsang arap Sigei, yule mzee mwenye chai upande wa juu wa soko. Ulipokuwa na kibanda chako cha viatu karibu na posho mill, nilikuwa nikitoka shule nakaa kwenye debe lako nakutazama ukishona. Uliniita Mkaguzi kwa sababu sikuondoka mpaka kiatu kimekwisha. Sasa nina miaka arobaini na minane.

Christabel, mke wa mwanao, nilikutana naye hospitalini Kapkatet mwaka jana, baba alipopatwa na kiharusi. Yeye anafua mashuka ya wodi, nami nilikuwa nikimlisha mzee uji. Ndiye aliyeniambia kwamba uko kwenu Nyakach, na kwamba masikio yako yamekufa kabisa, simu haikusaidii. Kwa hivyo naandika, naye atakuletea akija nyumbani.

Shida yangu ni hii. Baba ana simi ya zamani, upanga mfupi aliopewa na baba yake. Ngozi ya mpini imeoza. Ukiishika inabaki mkononi kama maganda ya ndizi. Nataka kuivika ngozi mpya, hapa nyumbani, kwa mikono yangu. Kuna sherehe mwezi wa nne na ningependa iwe tayari kabla ya hapo. Mafundi wa hapa wana kazi nyingi, hawana nafasi.

Niambie ngozi gani, na nianzie wapi. Nina sindano ya magunia na kisu cha jikoni. Mikono yangu ni ya kuchuma majani chai, haiogopi kuumia.

Ni mimi,
Chepngeno

*

Nyakach, 22 Februari 2026

Binti yangu Chepngeno,

Barua imefika. Nakukumbuka. Nakumbuka pia kwamba ulikuwa unauliza sana.

Fundi wa viatu hakosi nafasi ya kuvika mpini mmoja. Ni kazi ya asubuhi moja. Kama wote wamekataa, kuna sababu, nawe hukuiandika. Mimi niliishi na Wakipsigis miaka ishirini na mitatu na sijawahi kuona simi ya mzee ikiwekwa mikononi mwa binti. Sisemi ni vizuri au ni vibaya. Nasema tu kwamba mimi nilishatoka Litein na sitaki kuingia tena katika mambo ya watu wa huko.

Lakini umeniuliza swali la kazi, na swali la kazi hujibiwa.

Kwanza funga bapa la simi kwa kitambaa cha gunia, tabaka tatu, ukaze kwa kamba. Wengi wamekatwa na kitu walichokuwa wanakirekebisha. Pasua ngozi ya zamani kwa kufuata mshono wake, usiikate ovyo, kwa sababu hiyo ndiyo itakuwa kipimo chako. Ilaze juu ya ngozi mpya, uchore, kisha ukate ukiacha pungufu ya upana wa punje moja ya mchele kila upande. Ndiyo, pungufu. Ngozi ikilowa hutanuka, na ikikauka hujikaza.

Tafuta ngozi ya mbuzi iliyotengenezwa. Ya ng'ombe ni nene, itakushinda. Iloweke katika maji ya vuguvugu mpaka iwe laini kama sikio. Toboa matundu kabla ya kushona, kwa msharasi, si kwa sindano ya magunia, maana sindano hiyo hurarua. Uzi uupake nta. Mshono ukae upande ambapo vidole hukunjika. Usiukaze mara moja. Shona wote ukiwa umelegea, halafu urudi ukivuta hatua kwa hatua kama mtu anayefunga buti.

Ukimaliza, usiianike juani wala usiiweke karibu na moto.

Joab Amolo

*

Bomet, 27 Februari 2026

Dada Chepngeno,

Umezima simu yako siku tisa, kwa hivyo nimelazimika kuandika kama mwalimu mkuu.

Nimeambiwa na Vinny fundi kwamba ulimpelekea simi ya mzee. Nilikuwa nimeshamwonya asiiguse, na nimewaonya mafundi wote wa Litein vilevile. Simi ile ni ya wanaume wa nyumba hii. Baba hawezi tena kuishika wala kusema, na mimi ndiye mtoto wake wa kiume wa pekee.

Unajua kwamba tarehe 18 Aprili Mheshimiwa atatawazwa kuwa mzee wa jamii, mbele ya wananchi wote. Mimi ndiye ninayesimamia kampeni yake upande huu. Nimewaahidi wazee kwamba simi atakayokabidhiwa ni ya Arap Sigei, na si hizi mpya za shanga zinazouzwa. Hotuba nimeiandika tayari. Nitasema hii ndiyo simi iliyosimama sokoni mwaka ule wa ghasia ikalinda wanyonge. Watu wanataka kusikia mambo kama hayo. Italetea ukoo wetu heshima na milango itafunguka.

Nitakuja kuichukua Ijumaa tarehe 17. Iache kama ilivyo.

Tena nikukumbushe kwa upole. Ulirudi nyumbani kutoka kwa mume na hakuna aliyekuuliza. Unachuma chai ya baba na unalala nyumba ya baba. Ukitaka tuanze kuulizana nani ni wa wapi, tutaulizana.

Ndugu yako,
Weldon

*

Litein, 1 Machi 2026

Weldon,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama katikati ya chai, ili nione kama maneno yako yatanitoa pale. Hayakunitoa.

Ulisema baba hawezi kusema. Umekuja kumwona mara ngapi tangu Julai? Mara mbili, na zote ulikaa kwenye gari ukiongea na simu. Mimi namwosha. Mimi najua anaposema ndiyo na anaposema hapana. Nilimsomea barua yako yote. Nilipofika pale pa hotuba aligeuza uso ukutani na hakula mpaka jioni. Simi haitoki nyumbani bila yeye kuitoa kwa mkono wake.

Kuhusu ngozi ya mpini, nimeshaianza. Vinny unaweza kumkataza. Mimi umenikataza na sijakatazika.

Kuhusu mume, nilirudi kwa miguu yangu na mtoto mgongoni, mchana, kila mtu akiniona. Kama unataka kuniuliza swali hilo mbele ya wazee, niite. Nitakuja nimevaa nguo yangu ya kanisa.

Simu yangu imezimwa kwa sababu nina kazi.

Chepngeno

*

Litein, 8 Machi 2026

Mzee Joab,

Nilikudanganya na ninaomba msamaha. Mafundi hawakukosa nafasi, walionywa. Ndugu yangu Weldon anataka simi ya baba wamkabidhi mwanasiasa siku atakapotawazwa. Baba hataki. Mimi pia sitaki. Ilibidi nipande gari hadi Merigi kununua ngozi, mahali ambapo hakuna anayenijua, na aliyeniuzia aliuliza kama natengeneza kiti.

Sasa nakueleza nilivyofanya, kwa sababu nimeshindwa mara moja. Nilikata vizuri, nikaloweka, nikashona. Halafu mvua ikaja, nikaogopa ngozi itavunda, nikaiweka karibu na jiko. Ulikuwa umeniambia. Asubuhi ilikuwa imejikunja na mshono umefunguka kutoka katikati kama mdomo. Nimebaki na kipande cha kujaribu mara moja tu.

Kuna jambo la pili. Hata ile ilipokuwa bado imeshika, nilimpa baba ajaribu. Mkono wake wa kulia haufumbi. Vidole vinafika nusu vinakwama, na mpini unapita kati kama fimbo kwenye pete kubwa. Nikaona naivika ngozi simi ambayo mwenyewe hawezi kuishika. Nilikaa chini nikalia kidogo.

Yeye aliniona. Akaanza kunionyesha darini kwa mkono wa kushoto, na hakunyamaza mpaka nikapanda. Kule nyuma ya magunia ya mahindi nikakuta sanduku la mbao lililofungwa kwa mpira. Ndani kuna vyombo vya fundi: visu viwili, kigurudumu cha meno cha kuwekea alama za matundu, kipande cha nta kigumu kama jiwe, na msharasi wenye mpini wa pembe. Vyote vimepakwa mafuta na kufungwa kwa kitambaa cha fulana. Sikujua baba ana vitu kama hivyo.

Ule msharasi ncha yake imepinda kidogo upande wa kushoto. Ndivyo inavyotakiwa au niunyooshe? Na mkono usiofumba unafanyiwa nini?

Chepngeno

*

Nyakach, 29 Machi 2026

Chepngeno,

Christabel alikuja akarudi bila barua yangu, na nilimwambia akuambie kwamba naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimekasirika.

Usiunyooshe huo msharasi. Niliupinda mimi, mwaka wa 1991, kwa sababu ninashona kwa mkono wa kushoto. Mpini ni pembe ya fahali wa mjomba wangu. Hivyo vyombo ni vyangu.

Sasa nikwambie ninachojua. Mwezi ule wa Januari 2008, ghasia za uchaguzi zilipoanza, sisi tusio Wakipsigis tulikuwa tumekimbilia kituo cha polisi. Siku ya tatu tulipakiwa kwenye lori, na lori likapita sokoni. Niliona kibanda changu kinawaka. Na mbele yake nilimwona baba yako amesimama na simi hiyo mkononi, haina ala. Mtu niliyemshonea viatu vya harusi ya binti yake, yaani viatu vya harusi yako. Lori halikusimama. Hiyo ndiyo picha niliyokuja nayo Nyakach, na nimelala nayo miaka kumi na minane. Ulipoandika mara ya kwanza, nilijua ni simi gani. Nilikujibu kwa sababu ulikuwa mtoto wa kwenye debe.

Kumbe vyombo vyangu navyo vilikuwa darini kwenu. Sijui kama viliibiwa au viliwekwa. Mwulize. Akishindwa kusema, atikise kichwa.

Watoto wangu wameniambia niache kukuandikia. Mimi si mtoto wao.

Mkono. Chukua unga wa ngano, uukande uwe mgumu kuliko wa chapati. Mpe baba yako donge auminye kwa nguvu zake zote, kisha mfungue vidole polepole. Shimo lililobaki ndilo unene wa mpini wake. Mpini usingoje mkono uufuate. Wewe unenepeshe mpini. Zungushia kamba ya katani iliyopakwa gundi, mzunguko ukibanana na mwenzake, mpaka ujae shimo lile. Pale vidole viwili vya mwisho vinapokaa, ongeza zaidi, kwa sababu hivyo ndivyo dhaifu. Acha gundi ikauke siku mbili. Kisha kata ngozi upya kwa kipimo hicho, usitumie tena ile ya zamani.

Wakati wa kushona, baba yako aishike ngozi ikiwa bado mbichi. Iache ijifunze vidole vyake. Halafu kivulini, siku tatu, hata mvua ikinyesha.

Sifanyi hivi kwa ajili yake.

Joab

*

Litein, 20 Aprili 2026

Mzee Joab,

Nilimsomea baba barua yako, neno kwa neno. Sikuruka kitu. Nilipomaliza nilimuuliza, "Uliviiba?" Akatikisa kichwa: hapana. "Uliviweka?" Akalia. Siku hizi analia na upande mmoja tu wa uso. Halafu akaniomba kalamu kwa kuandika hewani. Alichoandika kiko ndani ya bahasha hii. Kimemchukua siku nne, kwa mkono wa kushoto, akinifukuza nikikaribia. Amekikunja mwenyewe. Sijakisoma.

Mpini ulitoka. Si mzuri wa kutazama. Ni mnene kama gunzi la mahindi, mshono umeyumba mahali pawili, na vidole vya baba vimeacha mabonde manne kwenye ngozi. Mtu mwingine akiushika haumkai. Mimi mwenyewe haunikai.

Weldon alikuja Ijumaa kama alivyosema, na vijana wawili wa kampeni wenye fulana za picha. Baba alikuwa ameketi nje kwenye kiti chake, simi mapajani, mkono wa kulia kwenye mpini. Nilikuwa nimemvalisha koti. Weldon akamsalimia vizuri, akapiga magoti kabisa, akaanza kumweleza habari ya Mheshimiwa.

"Baba, hii simi ililinda watu," Weldon akasema. "Acha dunia ijue."

Baba akasema, "Achicha."

Ni hapana kwa lugha yetu. Ni neno la kwanza lililotoka kinywani mwake likiwa zima tangu Julai. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Weldon alifikiri ni kiharusi kinachosema. Akashika simi upande wa bapa, juu ya ala, akavuta. Haikutoka. Akavuta tena, mzee akainuka nusu kutoka kitini lakini mkono haukuachia. Wale vijana wakaanza kutazama chini. Mmoja akasema, "Boss, twende tu."

Nikamwambia Weldon, "Vuta mara ya tatu, niwaite majirani waje watazame unavyompokonya baba yako."

Aliachia. Akaniambia nianze kufungasha, kwamba baada ya uchaguzi shamba litagawanywa na sina kipande. Nikamwambia hati ina jina la Kipsang arap Sigei, na mwenye jina ameketi hapo, amsemeshe yeye. Akarudi kwenye gari.

Jumamosi Mheshimiwa alitawazwa kwa simi mpya yenye shanga. Jirani yangu Yunia alienda akasema ilipendeza sana kwenye picha. Hotuba ya Weldon haikuwa na neno la soko.

Mimi leo nimechuma majani kama kawaida. Kwenye kituo cha kupimia majani wanawake wamenipisha nipime wa kwanza, bila kusema sababu. Sijui Weldon atafanya nini. Sijafungasha.

Chepngeno

*

Joab.

Naandika na kushoto. Vumilia.

Siku ile nilisikia vijana wanaenda sokoni kuchoma. Nilichukua simi. Lakini sikutoka. Nilikaa nyumbani nikajiambia watapoa. Niliogopa. Wale vijana niliwajua kwa majina. Weldon wangu alikuwa kati yao. Ningemkuta pale ningemfanya nini? Nilikaa mpaka nikaona moshi.

Nilipofika walikuwa wameondoka. Kibanda kinawaka. Niliingia kwa nyuma nikatoa sanduku. Nikasimama na simi mbele ya moto, hakuna mtu wa kulinda tena. Ndipo lori likapita. Nilikuona. Nilitaka kuinua mkono. Mkono wa kulia ulikuwa na simi.

Simi hii haikulinda mtu. Watu walianza kusema ililinda na mimi nikanyamaza. Nimenyamaza miaka yote nikiwa na ulimi mzuri. Sasa ulimi umekufa ndio nasema.

Siwezi kuwapa waifanyie ngoma.

Vyombo nilivipaka mafuta kila mwaka. Sikujua nivilete vipi.

Kipsang

*

Nyakach, 3 Mei 2026

Kwa Kipsang arap Sigei,

Barua yako nimeisoma nje, peke yangu. Christabel alitaka kunisaidia mwandiko wako, nikamkatalia.

Sitakudanganya kwamba hasira imekwisha. Mtu hawi na kitu miaka kumi na minane akakitupa kwa sababu ya ukurasa mmoja. Ulikaa nyumbani, nami nikapoteza kazi, nyumba na mji nilimozalia watoto wangu. Hayo yote ni kweli. Ni kweli pia kwamba uliingia kwenye moto kwa ajili ya sanduku la fundi wa viatu, na umeandika jambo ambalo hakuna aliyekulazimisha.

Kuhusu Weldon, nilijua. Nilimwona yeye pia siku ile, mwanzo wa barabara, ana debe la petroli mkononi. Sikumwandikia dada yake, kwa sababu alikuwa ameniuliza habari ya ngozi. Kumwambia si kazi yangu. Ni yako, na usimcheleweshe. Anakupigania bila kujua yote, na anastahili kujua yote.

Wanangu wamesema sitakanyaga Litein. Mwanangu Oyugi amesema atanifichia viatu. Nimemjibu kwamba mimi ndiye niliyevishona, najua kushona vingine. Nitafika Jumatano tarehe 20, saa nne asubuhi, na Christabel. Nataka kuuona huo mpini. Kama mshono umeyumba mahali pawili, binti yako na mimi tutaurudia nikiwa nimekaa naye.

Mimi sisikii na wewe husemi. Weka daftari mezani.

Na Weldon umwite. Mwambie Joab Amolo anakuja, na asiandike hotuba. Nitakaa pale mpaka afike.

Joab